KAWI: Jinsi ya kuchagua paneli ya sola inayooana na kidhibiti cha betri

Mnunuzi wa sola anapoingia katika duka la vifaa vya umeme, swali la kwanza analoulizwa huwa ni moja: anataka wati ngapi? Akishajibu, huonyeshwa paneli, kisha betri, na mwishowe huongezewa juu ya mzigo wake kijisanduku chenye taa mbili tatu, kana kwamba ni nyongeza isiyo na uzito. Kijisanduku hicho ndicho kidhibiti chaji, na ndicho kitakachoamua ni wati ngapi kati ya zile alizolipia zitakazofika kwenye betri.

Familia inaweza kununua paneli ya wati 300, ikaiunganisha na kidhibiti kisichofaa, na wakati wa jua kali la saa sita mchana ikapata wati 120 pekee. Hakuna kitu kilichoungua, na fundi akiitwa atakuta taa ya kijani ikiwaka kama kawaida. Hata hivyo, ifikapo saa tatu usiku betri huwa imekwisha. Lawama huiangukia betri, hununuliwa nyingine, nayo hufa kwa njaa ileile baada ya muda mfupi.

Upotevu wa aina hii hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuzuiwa kwa kusoma vibandiko viwili kabla ya kulipa: kile kilicho nyuma ya paneli na kile kilicho kwenye kidhibiti.

Chanzo cha tatizo

Sola ya majumbani ilipoanza kuenea nchini Kenya katikati ya miaka ya 1980, na kupata wateja wengi zaidi mashambani katika miaka ya 1990, vifaa vyake vilikuwa vidogo. Paneli za wastani zilitengenezwa makusudi kwa ajili ya betri ya volti 12, mara nyingi betri ya gari, na nyumba nyingi ziliwasha taa mbili tatu na televisheni ndogo. Paneli na betri zililingana tangu kiwandani.

Wanaonunua seti iliyokamilika, kama zile ambazo kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mwaka 2012 kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, hawahitaji hesabu hizi kwa kuwa mtengenezaji ameshazifanya.

Tatizo humpata anayenunua kila kifaa peke yake. Paneli nyingi kubwa zinazouzwa siku hizi hazikubuniwa kwa ajili ya betri ya volti 12. Zilibuniwa kwa ajili ya mapaa na mashamba makubwa ya sola yanayolisha gridi za umeme, ambako paneli nyingi huunganishwa pamoja hadi kufikia mamia ya volti. Kwa kuwa hutengenezwa kwa wingi mno, bei yake kwa kila wati huwa nafuu kuliko ya paneli ndogo. Mnunuzi huvutwa na unafuu huo bila kujua kwamba paneli hiyo inahitaji kidhibiti cha aina nyingine.

Nambari nne za kusoma

Nyuma ya kila paneli halali kuna kibandiko chenye nambari kadhaa. Mbali na wati, nne ndizo za kuzingatiwa.

Ya kwanza ni Voc, yaani volti za paneli ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu chochote. Hizi ndizo volti za juu kabisa, na ndizo zinazoweza kuua kidhibiti. Ya pili ni Vmp, yaani volti ambazo paneli hutoa inapofanya kazi kwa uwezo wake wote. Ya tatu ni Imp, ambayo ni kiasi cha ampea katika hali hiyo hiyo. Ukizidisha Vmp kwa Imp unapata wati za paneli. Ya nne ni Isc, yaani ampea zinazopita waya chanya na waya hasi zikigusanishwa. Hizi ndizo ampea za juu kabisa.

Idadi ya seli, vile vipande vya bluu au vyeusi vinavyoonekana kwenye kioo, huashiria volti hizo. Paneli ya seli 36 huwa na Vmp ya volti 18 hivi na Voc ya volti 22 hivi, nayo ndiyo inayoitwa paneli ya volti 12. Ya seli 72 huwa na takriban maradufu ya hizo, nayo huitwa paneli ya volti 24. Kati ya hizo mbili kuna paneli ya seli 60, yenye Vmp ya volti 31 au 32 na Voc ya volti 38 au 39. Paneli nyingi za kisasa zina seli zilizokatwa nusu, hivyo zinazohesabika kuwa 120 hufanya kazi kama 60, na 144 kama 72.

Aina mbili za vidhibiti

Vidhibiti vilivyo sokoni ni vya aina mbili, PWM na MPPT. Tofauti yao si ya bei tu.

PWM ni kama swichi inayofunguka na kufungika kwa kasi. Inapofungulia umeme, paneli huwa imeunganishwa moja kwa moja na betri, nayo hulazimika kushuka hadi kwenye volti za betri. Ampea hupita jinsi zilivyo, lakini volti za ziada hupotea.

MPPT hufanya kazi ya kubadilisha. Huiacha paneli kwenye Vmp yake, kisha huzigeuza volti za ziada kuwa ampea za ziada kwa ajili ya betri. Katika ubadilishaji huo hupotea kiasi kidogo tu, kwa kawaida asilimia 5 au chini yake.

Chukua mfano wa paneli ya wati 300 ya seli 60, yenye Vmp ya volti 32 na Imp ya ampea 9.4, inayochaji betri ya volti 12 ambayo kwa wakati huo imefikia volti 13. Kwa PWM, betri hupokea ampea 9.4 kwa volti 13, yaani wati 122. Kwa MPPT, betri hupokea takriban wati 285, sawa na ampea 22 hivi. Katika siku yenye saa tano za jua kamili, kidhibiti cha kwanza huingiza wati-saa 610 na cha pili wati-saa 1,425, kabla ya kutoa upotevu unaotokana na joto na vumbi. Paneli ni ileile na betri ni ileile. Nyumba inayotumia wati-saa 1,000 kwa siku huishi vyema na kidhibiti cha pili, lakini kwa kile cha kwanza huwa na deni kila jioni. Betri ya risasi na asidi inayokaa siku nyingi bila kujaa hugandamana salfeti kwenye sahani zake, na hiyo ndiyo mojawapo ya sababu kuu za betri kufa mapema.

Hii haina maana kwamba PWM ni kifaa duni. Kwa paneli ya seli 36 na betri ya volti 12, au paneli ya seli 72 na betri za volti 24, PWM hufanya kazi ya kuridhisha kwa bei nafuu. Paneli tatu za seli 36 zenye wati 100 kila moja, zikiunganishwa sambamba, hutoa karibu ampea 16.7, sawa na wati 217 kwenye betri iliyo kwenye volti 13. Kwa mfumo wa wati 100 au 200, faida ya MPPT huenda isitoshe kulipia tofauti ya bei.

Paneli ya seli 60 ndiyo isiyopatana na PWM kwa vyovyote. Kwa betri ya volti 12 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Kwa betri za volti 24, ambazo huhitaji takriban volti 28.8 ili kujaa, volti zake hushuka kwa joto la mchana hadi 27 hivi, na betri hazijai kamwe. Anayenunua paneli ya aina hii sharti anunue MPPT.

Volti: baridi ya alfajiri na joto la mchana

Kila kidhibiti kina kikomo cha volti zinazoweza kuingia kutoka kwenye paneli. Vidhibiti vingi vidogo vya PWM huishia volti 50 au chini yake, na vingine vya volti 12 pekee huishia 25 hivi. Vya MPPT huandikwa 75, 100, 150 au zaidi. Kikomo hiki hakina huruma. Ampea zikizidi, MPPT iliyo bora hujizuia na kupokea kiasi inachokimudu. Volti zikizidi, vipuri vya ndani huungua mara moja, na aghalabu dhamana haigharamii uharibifu huo.

Paneli zinapounganishwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti hujumlishwa na ampea hubaki zilezile. Zinapounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampea hujumlishwa na volti hubaki zilezile.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba nambari za kibandiko zilipimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Volti za paneli hupanda kunapokuwa na baridi, takriban asilimia 0.3 ya Voc kwa kila nyuzi moja inayopungua. Mathalani, paneli mbili za seli 72 zenye Voc ya volti 48 kila moja, zikiunganishwa kwa mfuatano, hufikisha volti 96. Kwenye karatasi zinaonekana kukitosha kidhibiti cha volti 100. Lakini alfajiri yenye baridi ya nyuzi 5 huko Kinangop au Nyahururu, volti hizo huongezeka kwa asilimia 6 na kufika karibu 102. Kidhibiti kinaweza kuungua jua linapochomoza tu, hali mwenyewe bado amelala. Kanuni iliyo salama ni kujumlisha Voc za paneli zote zilizo katika mfuatano mmoja na kuongeza asilimia 15. Jumla hiyo isizidi kikomo cha kidhibiti.

Katika maeneo ya joto hali hugeuka. Huko Garissa, Lodwar au Mombasa, seli zilizo juu ya bati zinaweza kufikia nyuzi 65. Vmp hushuka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, hivyo volti 18 huwa 15 na ushei. Hizo bado zinatosha kuchaji betri ya volti 12, inayohitaji volti 14.4 hivi ili kujaa, lakini ziada iliyobaki ni ndogo, na waya mwembamba unaweza kuimaliza.

Kwa mfano, ampea 16.7 zikisafirishwa mita 10 kutoka paani hadi kwenye kidhibiti kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule unaotumiwa kwa soketi za nyumbani, volti 2.3 hupotea njiani kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 10 za mraba hupotea volti 0.6 tu. Ndiyo sababu baadhi ya mifumo iliyonunuliwa kwa uangalifu bado haijazi betri. Kuacha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite hupunguza joto hilo.

Aidha, vidhibiti vingi vya MPPT havianzi kazi hadi volti za paneli zizidi za betri kwa kiasi fulani, mara nyingi volti 5. Paneli moja ya seli 36 haiwezi kuchaji betri za volti 24 kwa kidhibiti cha namna hiyo. Ni lazima ziwe mbili kwa mfuatano.

Hesabu ya ampea

Kwa PWM, jumlisha Isc za paneli zilizounganishwa sambamba, kisha zidisha kwa 1.25, kwa kuwa jua linaloakisiwa na mawingu huweza kuzidi kipimo cha kiwandani. Paneli tatu zenye Isc ya ampea 6.1 kila moja huleta ampea 18.3. Zikizidishwa kwa 1.25 huwa 22.9. Kidhibiti cha ampea 20 hakitoshi, na kinachofaa ni cha ampea 30.

Kwa MPPT, hesabu ni ya wati za paneli zote zikigawanywa kwa volti za betri. Paneli za wati 600 kwa betri ya volti 12 huhitaji kidhibiti cha ampea 50. Kwa betri za volti 24, wati zizo hizo huhitaji ampea 25, hivyo kidhibiti cha ampea 30 kinatosha. Kwa sababu hiyo, mfumo unaotarajiwa kuongezwa baadaye ni heri uanzishwe kwa volti 24.

Kuchanganya paneli zisizofanana huzaa hasara. Katika mfuatano, paneli yenye ampea chache huzirudisha nyingine katika kiwango chake. Katika muunganisho sambamba, paneli yenye volti chache huzivuta nyingine chini. Mwenye paneli ya zamani ya wati 100 na mpya ya wati 300 ni afadhali aipe kila moja kidhibiti chake.

Masharti ya betri

Kidhibiti hakina budi kuoana na betri pia. Betri ya kawaida ya risasi na asidi hupendelea kuchajiwa kwa ampea zisizopungua sehemu moja kwa kumi ya ukubwa wake wala kuzidi sana sehemu mbili kwa kumi. Betri ya ampea-saa 100, ile inayoandikwa 100Ah, huhitaji ampea 10 hadi 20. Ile paneli ya wati 300 yenye MPPT, inayotoa ampea 22, inafaa zaidi betri ya ampea-saa 200.

Volti za kuchajia nazo hutofautiana. Betri ya maji hujazwa kwa takriban volti 14.4 na ya jeli kwa takriban 14.1. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 hujazwa kati ya volti 14.2 na 14.6, lakini haivumilii ile hatua ya volti nyingi ambayo hutumiwa mara kwa mara kuamsha betri ya maji. Mnunuzi ahakikishe kwamba kidhibiti kina mpangilio wa aina ya betri yake na kwamba mpangilio huo umechaguliwa. Kidhibiti kilichowekwa kwa ajili ya betri ya maji kinaweza kuikausha betri ya jeli, ambayo haifunguliwi na kuongezwa maji.

Kutambua bidhaa ghushi

Sokoni kuna vidhibiti vilivyoandikwa MPPT ilhali ndani yake ni PWM. Dalili ya kwanza ni bei na uzito. MPPT halisi hubeba koili za shaba na bati nene la kupoza joto, hivyo ile ya ampea 30 haiwezi kuwa nyepesi kama simu. Dalili ya pili ni kutoandikwa kikomo cha volti za paneli. Kipimo cha uhakika hufanywa kwa mita inayoshika waya na kupima umeme wa DC: jua likiwa kali na betri ikiwa haijajaa, ampea zinazoingia kutoka kwenye paneli hulinganishwa na zinazokwenda kwenye betri. Paneli ikiwa na volti nyingi kuliko betri, kwa MPPT ya kweli ampea za betri huzidi za paneli waziwazi. Zikilingana, mnunuzi amepewa PWM.

Paneli pia hudanganya. Jua kali huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli bora za siku hizi hugeuza asilimia 20 hadi 23 hivi kuwa umeme. Kwa hivyo, paneli ya wati 300 haiwezi kuwa ndogo kuliko mita moja na robo ya mraba. Futi ya kupimia inatosha kuufichua uongo huo papo hapo dukani. Aidha, kibandiko kisichokuwa na Voc, Vmp, Imp na Isc, au ambacho Vmp ikizidishwa kwa Imp haileti wati zilizoandikwa, ni sababu tosha ya kuiacha paneli hiyo.

Tangu kanuni za mifumo ya sola zilipochapishwa mwaka 2012, kazi ya kusanifu na kuweka mifumo hiyo nchini imetakiwa kufanywa na mafundi wenye leseni. Leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), iliyochukua mwaka 2019 nafasi ya iliyokuwa Tume ya Kudhibiti Kawi (ERC). Mwenye nyumba ana haki ya kuomba aonyeshwe leseni, na pia karatasi yenye hesabu zilizoelezwa hapa.

Wakati wa kuunganisha, betri hutangulia kufungwa kwenye kidhibiti ili kitambue kama ni volti 12 au 24. Paneli hufuata. Wakati wa kufungua, paneli hutolewa kwanza. Fyuzi huwekwa kwenye waya chanya, karibu na betri.

Kwa aliyekwisha kununua

Aliye na paneli ya seli 60 na PWM hana haja ya kuiuza paneli kwa hasara. Kinachofaa kubadilishwa ni kidhibiti, na mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua paneli nyingine au betri ya tatu. Kabla ya kutoa pesa, na apande paani asubuhi jua likiwa bado la upole, anakili nambari nne za kibandiko, kisha aende nazo dukani pamoja na picha ya betri yake. Muuzaji anayejua kazi ataanza kwa kuuliza Voc ni ngapi. Anayeuliza wati tu bado hajafikia swali lenyewe.